MZIGO HUU NI WA NANI? SOMO KUTOKA KWENYE MELI ZILIZOKAMATWA

Somo la leo ni refu kidogo. Lisome jioni wateja wakipungua, usilisome huku unapima sukari.

Naanza na swali. Mzigo wako uko njiani. Chombo kilichoubeba kinakamatwa kwa sababu isiyokuhusu wewe hata kidogo. Mtu anakaa mezani na faili mbele yake anakwambia: "Thibitisha kwamba mzigo huu ni wako." Utatoa nini?

Mimi niliulizwa hivyo mwaka wangu wa pili wa biashara. Nilikuwa nimechangia kontena na watu wengine, mzigo wa vyombo vya jikoni, katoni 14. Hela haikuwa yangu yote. Katoni 9 zilikuwa za kwangu, 5 za dada yangu, maana alinikabidhi akiba yake ya mchezo akasema, "Mdogo wangu, nizungushie." Kontena likazuiwa kwa sababu mmoja wetu alikuwa na vitu ambavyo havikuandikwa. Mzigo ulipoachiwa, katoni 3 hazikuonekana. Ajenti akaniuliza: una karatasi gani yenye jina lako? Nilikuwa na picha za mazungumzo ya simu na risiti yenye jina la rafiki yangu aliyesafiri. Basi.

Kufika nyumbani, dada akauliza swali gumu kuliko la ajenti: "Hizo tatu zilizopotea ni zako au ni zangu?" Sikuwa na jibu, maana hakuna katoni iliyoandikwa jina la mtu. Nitarudi kwake mwishoni.

Baada ya hapo nikaanza kusoma. Mimi niliishia kidato cha nne, siyo mwanasheria, kwa hiyo nilisoma taratibu na kamusi pembeni. Nikakuta kumbe swali hili ni la zamani sana. Zimekuwepo mahakama ambazo kazi yake kubwa ilikuwa hiyo hiyo: meli imetekwa vitani, imeletwa bandarini, sasa tuambieni mzigo uliomo ni wa nani.

MAHAKAMA HIZI ZILIFANYAJE KAZI

Nchi mbili zikipigana, kila moja ilikuwa inakamata meli za mwenzake baharini, na mali ya adui iliyomo inachukuliwa. Lakini kwenye meli moja wanaweza kuwepo wenye mizigo kumi, na wengine ni wa nchi ambayo haimo vitani kabisa. Mali ya hao kwa kawaida inatakiwa irudishwe. Kwa hiyo lazima kuwe na mahakama ya kuchambua hii ya nani, ile ya nani.

Uingereza na baadaye Marekani zilifuata utaratibu unaofanana. Meli ikifika, karatasi zote zilizokutwa ndani zinakabidhiwa mahakamani. Halafu nahodha na baadhi ya watu wa chomboni wanaulizwa maswali mapema, kabla hawajapata muda wa kupangana. Maswali yenyewe yalikuwa yameandikwa tayari, yale yale kwa kila meli. Meli ni ya nani? Imetoka wapi, inaenda wapi? Nani kapakia mzigo, na kwa hesabu ya nani? Kuna karatasi zozote zilizotupwa, kuchomwa au kufichwa?

Soma tena hilo la mwisho. Walijua binadamu tukibanwa tunafanya nini.

Baada ya hapo ndipo mwenye mzigo anakuja na dai lake na kiapo. Na jambo la kukumbuka ni hili: kazi ya kuthibitisha ilikuwa kwake. Aliyekamata hakubanwa kuthibitisha kwamba mali siyo yako. Wewe ndiye uthibitishe kwamba ni yako. Kama ushahidi una mashaka lakini unaonekana mkweli, mahakama iliweza kukupa nafasi ya kuleta ushahidi wa nyongeza. Ila ukigundulika umeficha karatasi au umesema uongo, hiyo nafasi unaweza kunyimwa, hata kama sehemu ya maneno yako ilikuwa kweli.

Sasa tuangalie kesi tatu. Kila moja ina somo lake.

KESI YA KWANZA: MANUEL PINTO NA MELI NEREIDE

Manuel Pinto alikuwa mfanyabiashara wa Buenos Aires, mji ambao leo uko Argentina. Mwaka 1813 alikuwa London. Mwezi Agosti akakodi meli ya Mwingereza inaitwa Nereide impeleke mzigo Buenos Aires na kurudi.

Shida ni kwamba Uingereza na Marekani zilikuwa vitani tangu 1812. Meli ya Mwingereza kwa Mmarekani ni meli ya adui. Tena Nereide ilikuwa na mizinga 10 na iliondoka London kwenye msafara uliolindwa na manowari za Uingereza. Pinto mwenyewe alikuwa raia wa himaya ya Hispania, ambayo haikuwa kwenye vita hivyo.

Njiani Nereide ikaachana na msafara. Tarehe 19 Desemba 1813, karibu na kisiwa cha Madeira, ikakutana na meli ya Kimarekani inaitwa Governor Tompkins. Hii haikuwa ya jeshi. Ilikuwa ya watu binafsi wenye kibali cha serikali yao kukamata meli za adui na kupata faida. Wakapigana kama dakika 15, Nereide ikashindwa, ikapelekwa New York.

Ndani ya meli kulikuwa na mchanganyiko. Kuna mzigo wa Waingereza, kuna wa Pinto, kuna wa watu wengine wa Buenos Aires. Wa Waingereza haukuwa na mjadala, ulikwenda. Pinto akasimama kudai wa kwake. Na hapa ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti, maana hakudai kwa ajili yake peke yake. Alidai pia kwa niaba ya baba yake na dada yake.

Nilicheka peke yangu dukani. Miaka 200 iliyopita, ng'ambo ya bahari, kijana mwingine kabeba hela ya dada yake!

Waliomkamata walimbana kila upande. Walisema hajathibitisha vya kutosha kwamba yeye si mtu wa upande wa adui, kwani meli si ameikodi London? Walisema hata kama mali ni yake, amejichanganya mno na adui: kakodi meli yenye mizinga, kaenda chini ya ulinzi wa adui, na meli imepigana kabla ya kukamatwa. Mahakama za chini hazikumpa haki yake. Akakata rufaa mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani.

Hukumu ilitoka Machi 1815. Vita vyenyewe vilikuwa vimeshakwisha, kesi ya mzigo bado inaendelea. Jaji Mkuu John Marshall na wenzake walio wengi wakampa Pinto haki. Waliridhika kwamba ni mzaliwa wa Buenos Aires na kwao ni huko, London alikwenda kutafuta biashara. Wakasema mali ya mtu asiye vitani haigeuki kuwa ya adui kwa sababu tu imepakiwa kwenye meli ya adui, hata kama meli hiyo ina silaha. Na Pinto hakuwa ndiye aliyeamuru meli ipigane. Jaji Joseph Story alipinga kwa nguvu, akaona mtu aliyejiweka chini ya mizinga ya adui amejiunga naye.

Kwa hiyo Pinto alishinda. Lakini usikimbilie kushangilia. Hesabu muda: mzigo umekamatwa Desemba 1813, haki imepatikana Machi 1815. Mwaka mmoja na miezi mitatu. Wewe una mtaji wa kukaa miezi 15 bila mzigo? Mimi sina. Ukiniambia nimeshinda kesi baada ya muda huo nitakushukuru, ila fremu itakuwa imeshachukuliwa na mwenye nyumba.

Somo: unaweza kuwa na haki na bado ukaumia. Chombo unachochagua na watu unaochanganya nao mzigo ni sehemu ya hatari yako. Kwenye kontena la kuchangia usiulize bei ya nafasi peke yake. Uliza na wenzako wamepakia nini.

KESI YA PILI: NGANO YA MELI MIRAMICHI

Hii ni ya mwaka 1914. Wauzaji wa Marekani walipakia ngano bandari ya Galveston, Texas, mwezi Julai, kwenye meli ya Uingereza inaitwa Miramichi. Wanunuzi walikuwa Wajerumani. Wakati ngano iko njiani, mwezi Agosti, Uingereza na Ujerumani zikaingia vitani. Ngano ikazuiwa, mahakama ya Uingereza ikatakiwa kuamua: hii ngano ni ya Wamarekani waliouza, au ya Wajerumani walionunua?

Ukimuuliza mtu wa kawaida atasema ni ya mnunuzi, si ameshanunua? Lakini Jaji Samuel Evans aliangalia malipo na hati. Utaratibu wao ulikuwa kwamba mnunuzi analipa ndipo anapewa hati ya shehena, ile karatasi ambayo bandarini tunaiita BL. Wajerumani hawakuwa wamelipa wala kuchukua hati. Akaamua kwamba umiliki haujahama. Ngano bado ni ya Wamarekani, warudishiwe.

Kumbe mzigo unaweza kuwa umeagizwa na wewe, umetajwa kwa jina lako, uko kwenye meli inayokuja kwako, na bado kisheria siyo wako. Na kinyume chake pia: unaweza kuwa umeshakuwa wako ungali kwenye stoo ya muuzaji, kwa hiyo panya wakila wanakula cha kwako.

Swali la kumuuliza muuzaji kabla ya kutuma hela ni hili: "Mzigo unahamia kwangu lini? Ukitoka dukani kwako, ukifika bandarini, au ukinifikia mkononi? Ukipotea katikati, nani anabeba hasara?" Jibu liwe la maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Wauzaji wengi wanajibu vizuri tu. Atakayekasirika kwa swali hilo ameshakupa jibu.

KESI YA TATU: MAFUTA YA NGURUWE NA MELI KIM

Hii ndiyo iliyonifundisha kwamba hata hesabu zinatoa ushahidi.

Novemba 1914 meli nne zilikamatwa na Waingereza zikitoka New York kwenda Copenhagen, Denmark. Zilikuwa Kim, Alfred Nobel, Björnstjerne Björnson na Fridland. Zilibeba vyakula, vingi vikiwa vya kampuni kubwa za nyama za Marekani. Denmark haikuwa vitani. Kwenye karatasi mzigo unaenda Denmark. Tatizo liko wapi?

Tatizo lilikuwa la namna mbili.

Kwanza, hati nyingi za shehena hazikuwa na jina la mnunuzi halisi. Ziliandikwa "kwa amri", yaani mzigo apewe yeyote atakayeelekezwa, au zilikwenda kwa mawakala wa hao hao waliotuma. Sasa jaji anauliza mnunuzi ni nani, na karatasi haimtaji mtu.

Pili ni kiasi. Mahakama ilielezwa kwamba katika miaka ya 1911 mpaka 1913 Denmark ilikuwa inaingiza wastani wa ratili 1,459,000 za mafuta ya nguruwe kwa mwaka mzima. Hizo ni kama tani 660. Meli hizi nne peke yake, ndani ya muda usiofika mwezi, zilikuwa zimebeba ratili 19,252,000, zaidi ya tani 8,700. Piga hesabu: ni zaidi ya mara 13 ya mahitaji ya mwaka mzima. Na Denmark yenyewe ni nchi ya kufuga nguruwe!

Septemba 1915 Jaji Evans, yule yule wa ngano, akaamua kwamba sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa inapitia Denmark tu, mwisho wake ni Ujerumani. Ikachukuliwa. Mwaka jana yake aliwarudishia Wamarekani ngano, mwaka huu akawanyima mafuta. Hakuwa na chuki wala upendeleo kwa nchi ya mtu. Alikuwa anasoma karatasi na kulinganisha na hesabu.

Somo kwetu: maelezo yako lazima yafanane na ukubwa wa biashara yako. Kama daftari linaonyesha unauza majagi 15 kwa mwezi na ghafla una majagi 2,000 njiani, mtu yeyote mwenye akili atauliza. Huenda una jibu zuri, labda umepata tenda ya shule. Basi liwe na karatasi. Na kama ulimbebea mtu mzigo wake kwa jina lako "kwa sababu yeye hana TIN", jua kwamba siku ya maswali utakuwa unajibia mali usiyoijua.

SASA TUFANYE NINI?

Haya ninayafanya mimi mwenyewe tangu kile kisa cha vyombo. Hakuna linalohitaji mwanasheria.

1. Jina moja kila mahali. Jina lililo kwenye ankara ya muuzaji liwe ndilo lililo kwenye malipo na kwenye risiti ya mkusanyaji wa kontena. Kontena la kuchangia hati kuu ya shehena inakuwa na jina la mkusanyaji, siyo lako. Wewe unabaki na risiti yake tu. Kwa hiyo hiyo risiti iandikwe vizuri: jina, idadi ya katoni, kilichomo, uzito, tarehe.

2. Weka alama kwenye katoni. Wafanyabiashara wa zamani walikuwa wanaandika alama zao kwenye marobota, na alama ile ile wanaiandika kwenye hati. Mimi natumia herufi mbili za jina langu na namba: 1 ya 9, 2 ya 9, mpaka mwisho. Namwomba muuzaji apige picha kabla ya kupakia.

3. Mali ya ndugu itenge tangu mwanzo. Hela ya dada, ya mama, ya rafiki, iwe na alama yake na karatasi yake. Kama mmeamua kuchanganya, andikeni kabisa: tunachangia faida na hasara kwa fungu gani. Msiseme "sisi ni ndugu tutaelewana". Ndugu mnaelewana kabla mzigo haujapotea.

4. Lipa kwa njia inayoacha alama. Tuma kwa namba au akaunti yako. Hela taslimu iliyopitia mikono ya watu watatu haina mdomo wa kusema ilitoka kwa nani.

5. Nakala zikae mbali na mzigo. Karatasi iliyo ndani ya katoni haikusaidii katoni ikipotea. Weka picha kwenye simu, na nyingine mtumie mtu unayemwamini. Simu nazo huwa zinaibiwa.

6. Ukiulizwa, sema kweli mara ya kwanza. Usichojua sema hujui. Mtu akikukuta na maelezo mawili tofauti, hata lile la kweli halitasikilizwa. Na usifute kitu. Kumbuka lile swali la karatasi zilizotupwa baharini, bado linaulizwa mpaka leo kwa maneno mengine.

TURUDI KWA DADA

Niliahidi. Zile katoni 3 tulibishana miezi miwili. Mimi nasema tugawane hasara kwa fungu, yeye anasema alinipa hela, hakunipa bahati mbaya. Mama akatuita, akatuuliza swali moja tu: "Mlikubaliana nini siku ya kwanza?" Wote tukanyamaza. Hatukuwa tumekubaliana chochote.

Mwisho nikambebea hasara yote. Sikufanya hivyo kwa sababu yeye alithibitisha. Mimi ndiye niliyebeba mzigo, na kazi ya kuthibitisha ilikuwa yangu nikashindwa. Nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi saba kutoka kwenye faida ya duka. Ilikuwa ada ya shule, nikailipa.

Mwaka huu amenipa hela tena. Safari hii tuliandika karatasi moja ya daftari, mistari sita, tukasaini wote wawili, mama akawa shahidi. Katoni zake zina alama yake, zangu zina yangu. Alipokuwa anasaini akanitania, "Umekuwa mwanasheria sasa?" Nikamwambia hapana dada, nimekuwa na katoni zenye majina.

Leo kabla hujafunga duka, chukua mzigo wako mmoja ulio njiani, hata kama ni gunia tatu zinakuja na basi la mkoani, ujiulize lile swali: nikiambiwa nithibitishe kwamba ni wangu, natoa nini? Ukikuta huna cha kutoa, piga simu kwa muuzaji leo leo. Na kama kuna mwenzako anayechangia kontena bila karatasi, mtumie somo hili kabla meli yake haijafika.

Biashara njema.